Takwimu na Matunzo ya Wazee

Matunzo ya muda mrefu ni msaada wa kila siku kwa mtu asiyeweza tena kuoga, kula au kutembea peke yake. Ili kupanga msaada huo, sharti ijulikane wanaouhitaji ni wangapi na wako wapi.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,372,015 mkoani Mara. Jumla hiyo pekee haitoshi. Kwanza, wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa; hukadiria miaka 60 au 70, na hesabu hurundikana kwenye makumi. Pili, Wilaya ya Butiama ilimegwa kutoka Musoma Vijijini. Anayelinganisha sensa ya 2002 na ya 2022 bila kuziunganisha ataona upungufu usiokuwapo. Tatu, wazee wawili wa Bunda wanaweza kulingana umri, lakini mmoja analima na mwingine hainuki kitandani.

Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Hivyo wazee 1,000 walihitaji shilingi milioni 20 kila mwezi. Umri ukiandikwa kwa makosa, ama fedha hazitoshi ama mzee hukosa haki yake. Kwa sababu hiyo karani hana budi kumwuliza mzee matukio anayoyakumbuka, na pia kazi anazoziweza.