Feza ya tribinali inafikaje kwa hazina ya Leta?

Mwaka uliopita tribinali moja ya ndani sana iliniita kupima hasara: ng'ombe za mtu zilikula shamba la mihogo la jirani. Nilipomaliza kusaini raporo, nikaona gerefye anafunga sanduku, anapanda moto, na polisi wawili wenye bunduki wanamufuata na moto ingine. Mwenye ng'ombe akaniuliza pole pole: "Mukubwa, ile amande yangu wanaipeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Nilitafuta, na leo ninawagawia.

Kwanza, si kila feza ya tribinali ni ya Leta. Amande na malipo ya kesi, ndiyo. Lakini kosyo ambayo mtu anaweka ili atoke gereza akingoja hukumu ni yake: akiitika kila mara anapoitwa na akitimiza hukumu, anarudishiwa.

Pili, kuna njia ya kufuata. Sheria ya 23 Februari 2013 juu ya mapato yasiyo kodi inaweka hatua ine: kuhakikisha kama deni liko, kupiga hesabu yake, kutoa amri ya kulipa, na kukusanya. Mbili za kwanza ni za ofisi inayohusika, hapa ni tribinali. Mbili za mwisho ni za DGRAD. Mulipaji anapewa noti, analipa banki, na feza inaingia konti ya Hazina. Katiba, kipengele cha 176, inakabizi Banki Kuu ya Kongo ulinzi wa feza za Leta.

Basi polisi anaingia wapi? Pale banki iko mbali na feza inabebwa mukononi. Kipengele cha 182 kinampa polisi kazi ya usalama wa watu na mali zao. Lakini tuelewe vizuri: anayesindikiza analinda njia tu. Hakuhesabu noti, hakuandika rejista. Kama feza ilipunguka mbele sanduku lifungwe, atafikisha sanduku salama kabisa, na Leta itakuwa imepoteza. Sisi waagronomi tunajua: mulinzi wa kamio hawezi kujua gunia ngapi zilibaki shambani.

Kinacholinda feza mbele ya safari ni karatasi: kitansi chenye namba, rejista ya gerefye, bordero ya banki. Vyote vitatu lazima viseme hesabu moja. Tukienda vijijini, tuambie wazazi wetu: usitoe franga bila kitansi chenye namba na kashe, na ukitunze.

Nilipomurudilia yule mwenye ng'ombe, nilimuomba kitansi chake. Akatoa kikaratasi kilichoandikwa na biki, bila namba, bila kashe. Kama amande yake ilikuwa mu lile sanduku, mimi siwezi kujua. Yeye pia hawezi. Na wale polisi wawili, hata wao.