Kabla ya Kukopa kwa Ajili ya Prosesa

Juma hili nimepata swali kutoka Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora. Kijana mmoja wa huko anatumia kompyuta kwa mapenzi tu: anahifadhi nyimbo za ngoma za Kinyamwezi, anapanga picha za jamaa zake, na usiku anacheza karata kwenye kioo. Muuzaji amemwambia prosesa yake imezeeka, na dawa ni mashine mpya. Sasa anakusudia kukopa kwenye chama cha akiba, alipe msimu wa asali ukifika. Anauliza: je, ni lazima?

Kwanza tuelewane. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta. Hufanya kazi kwa mapigo, na mapigo hayo hupimwa kwa hezi, kipimo kile kile tunachokitaja sisi watangazaji tunaposema masafa ya redio. Prosesa ya kwanza ya Intel, ya mwaka 1971, haikufika megahezi 1. Pentium ya mwaka 1993 ilianzia megahezi 60. Mwaka 2000 ikapatikana gigahezi 1, yaani mapigo bilioni moja kwa sekunde. Pentium 4 ilipofikia gigahezi 3.8 mwaka 2004, joto lilikuwa limeshakuwa kikwazo, na mwaka huo huo Intel ikaachana na mpango wa kuisukuma mbele zaidi. Ikageukia kuweka viini viwili ndani ya prosesa moja.

Je, kasi hiyo yote humfikia mtumiaji? Hapa watu wa Tabora wana mfano wao. Katika karne ya 19, misafara ya Unyanyembe kwenda Bagamoyo ilikuwa na wapagazi hodari wa Kinyamwezi. Lakini hata mpagazi mwenye miguu myepesi kuliko wote alisimama pale msafara uliposimama: kungoja maji, kungoja chakula, kungoja watu wamalize kujadiliana hongo na mtemi. Kuongeza mpagazi mwenye mbio kusingefupisha mjadala wa hongo hata kwa siku moja.

Kompyuta nayo ni msafara. Diski ngumu ya kuzunguka huchukua kama sehemu moja ya mia ya sekunde kutafuta kitu kimoja. Katika muda huo prosesa ya gigahezi 2 imepiga mapigo milioni 20, mengi yakiwa ya kungoja tu. Kumbukumbu ya kazi, ile mafundi waiitayo ramu, ikijaa, mashine hulazimika kwenda na kurudi kwenye diski hiyo, na mtumiaji huona kama kompyuta imelala. Na kama shida ni mtandao, prosesa haina la kufanya. Mkongo wa baharini wa SEACOM uliofika Dar es Salaam mwaka 2009 haukubadili prosesa ya mtu yeyote, ila ulifungua njia pana zaidi ya intaneti.

Kwa hiyo nasema: tafuta kwanza msafara wako unasimama wapi. Kama unatumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati mashine inapokuwa nzito. Utaona asilimia za prosesa, ramu na diski. Ikiwa ramu imejaa, ongeza ramu. Ikiwa diski iko asilimia mia, weka diski ya kisasa isiyozunguka. Ikiwa prosesa ndiyo inayohema kila mara, hapo muuzaji ana haki. Mimi nahariri sauti za vipindi kwenye mashine ambayo wenzangu huicheka, na dakika moja ya sauti safi ni kama megabaiti 10 tu. Lakini anayehariri video, au kucheza michezo mizito ya kisasa, hakika anahitaji prosesa yenye nguvu. Tusimdanganye.

Kuna jambo moja zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 huzikataa prosesa nyingi za zamani. Tazama ajabu yake: kasi inayodaiwa na Windows 11 ni gigahezi 1 tu! Mashine nyingi zinazokataliwa zina kasi zaidi ya hiyo. Zinakataliwa kwa sababu ya aina ya prosesa na masharti ya usalama. Mwenye mashine kama hiyo anaweza kuweka Linux, ambayo haiuzwi, na akaendelea na nyimbo zake na picha zake.

Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mitambo ya hesabu kugharimu fedha nyingi bila kuleta nafuu iliyotarajiwa. Marufuku hiyo imekwisha kitambo, lakini swali lililoizaa lingali hai: mashine hii itafanya kazi gani ambayo ya jana haikuweza?

Kijana wetu wa Isikizya ajiulize hivyo kabla ya kutia sahihi. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Asali ni yake, jasho ni lake. Muuzaji hatakuwapo siku ya marejesho.