Kabla Hujafungua Pampu

Vuli inapokaribia, matrekta yaliyolala tangu msimu uliopita huanza kutolewa vibandani Bunda, Butiama na vijiji vya Musoma, na mengi hugoma kuwaka. Mkoa wa Mara bado ni mkoa wa plau la maksai. Trekta huitwa zaidi kwenye mashamba makubwa na kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaowashinda ng'ombe ukikauka. Likigoma moja, wanaosubiri kulimiwa ni wengi, mwenye trekta anapiga simu kila saa, na fundi anakimbilia kufungua pampu. Hapo ndipo hasara inapoanza, kwa sababu mara nyingi pampu haina kosa.

Nitatumia mfano wa Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964. Toleo lake la dizeli lina injini ya Perkins ya silinda 3, ukoo uleule uliorithiwa baadaye na MF 240. Mwenye Ford ya zamani, au Valmet iliyounganishwa Kibaha miaka ya 1980, atakuta mengi yanamhusu, ingawa skrubu zinakaa mahali tofauti.

Injini ya dizeli haina plagi za kupiga cheche. Hubana hewa mpaka ipate joto la kuyawasha mafuta yanaponyunyizwa. Kwa hiyo izungushwe kwa kasi ya kutosha, ibane vizuri, na ipewe dizeli kwa wakati wake. Likikosekana moja kati ya hayo haiwaki, na la kwanza kulitazama ni ekzosi. Ukipiga stata na usione moshi kabisa, dizeli haifiki kwenye nozeli. Ukiona moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli, mafuta yanafika ila hayaungui: ama stata inazungusha kivivu, ama mbano umechoka.

Uvivu wa stata haustahili maneno mengi. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika husoma karibu 12.6, na wakati wa kupiga stata isishuke sana chini ya 10. Ikiwa betri ni nzima na stata bado nzito, piga stata kidogo kisha gusa viungo vya waya mnene kimoja kimoja, pamoja na ule unaofungwa kwenye chasisi. Kilichopata moto ndicho kibovu; kifungue, kikwangue, kikaze.

Ikiwa stata haishtuki hata kidogo, angalia kwanza liva ya gia kubwa na ndogo. Kwenye 135 kuna swichi ya usalama inayozuia stata mpaka liva hiyo iwe huru. Madreva wengi wameikwepa kwa kugusisha bisbisi kwenye terminali za stata huku wamesimama mbele ya tairi la nyuma. Trekta likiwa kwenye gia huwaka na kuondoka papo hapo, na aliyesimama pale hana pa kukimbilia. Tengeneza swichi.

Sasa tuje kwenye mafuta. Kuna kamba ya kuzimia injini, ile inayovutwa kwenye dashibodi. Ikiliwa na kutu miezi ya kukaa, hubaki imevuta hata kama kitasa kimerudi, na pampu haitoi kitu. Nenda mpaka kwenye pampu yenyewe, uone kama kimkono kinachovutwa na kamba hiyo kimerudi mwisho wake. Dakika moja inatosha.

Kisha fuata dizeli kutoka tangini. Chomoa bomba linaloingia kwenye pampu ndogo ya kuvuta mafuta: dizeli ishuke kwa nguvu, isidondoke. Ikidondoka, koki au chujio la tangi limeziba kwa tope. Kama trekta huwaka likalima kidogo kisha likazima, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia linavuta pumzi, kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba kwa vumbi. Kosa hilo dogo limeshalipiwa pampu nzima na watu wengi.

Pampu ndogo nayo ina kimkono cha kupigia kwa kidole. Ukikipiga kikawa kilegevu, usiseme imekufa. Zungusha injini kidogo, kwani kamu ikiwa imeinua liva kile kimkono hakina nafasi ya kufanya kazi. Lakini kama oili ya injini imepanda kwenye kijiti na inanuka dizeli, kiwambo cha mpira kinaweza kuwa kimepasuka na mafuta yanashukia kwenye injini. Hapo usiliwashe mpaka ubadilishe kiwambo na oili.

Maji ni adui wa pekee ukanda huu wa ziwa. Tangi likilala nusu, hewa yenye unyevu ya usiku huacha matone ndani yake, na dizeli ya kwenye madumu huja na maji yake. Jaza tangi jioni, siyo asubuhi. Fungua skrubu ya chini ya filta, uachie mpaka itoke dizeli tupu.

Kila ulipofungua, upepo umeingia, na dizeli yenye upepo haisukumiki. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga kimkono mpaka mapovu yaishe, kaza. Nenda kwenye pampu kubwa: skrubu ya ubavuni kwanza, kisha ya juu. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli, fungua akseleta yote, piga stata mpaka zitoe dizeli, kaza. Usipeleke mkono mbele ya nozeli inayonyunyiza. Mafuta hutoka kwa zaidi ya baa 150 na hupenya ngozi. Upepo ukirudi kesho yake, tafuta washa za kopa zilizorudiwa mara nyingi mno. Badilisha, bei yake ni ndogo.

Pampu ya CAV ya injini hii hulainishwa na dizeli yenyewe, haina oili yake. Ndiyo maana kuchanganya na mafuta ya taa ni kuisaga taratibu. Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 kuvunja uchakachuaji huo, lakini dumu lisilojulikana lilikotoka bado ni dumu la kutiliwa shaka.

Na kitambaa cha petroli mdomoni mwa hewa? Hapana. Nyingi ya injini hizi zina kiwashio cha moto kwenye manifoldi kwa ajili ya baridi ya Ulaya, na mvuke wa petroli ukikutana nacho hulipuka. Asubuhi za Butiama si za baridi hivyo: injini isiyowaka huko bila kusaidiwa, hali mafuta na stata ni safi, inadai kupimwa mbano.

Pampu hufunguliwa pale tu dizeli safi inapoifikia bila povu, kamba ya kuzimia imerudi, stata inazungusha kwa kasi, na bado nati za nozeli hazitoi kitu. Tena ifunguliwe kwa fundi mwenye mashine ya kuipimia, si chini ya mwembe shambani.