Je, Wajua? Wanawake Waliovuka Kamera

Ukiingia kibanda umiza chochote hapa Kanyenye, Tabora, jioni, utasikia waigizaji wakiitwa kwa majina kama jamaa wa ukoo. Jina la mwongozaji hupita kwenye kioo watu wakiwa bado wanagombea benchi. Leo tuwataje waliofanya kazi zote mbili.

Je, wajua kwamba Lupita Nyong'o aliongoza filamu kabla dunia haijamjua kwa uigizaji? Oscar aliipata Machi 2014, kwa 12 Years a Slave. Lakini kufikia 2009 alikuwa ameshatoa In My Genes, filamu ya hali halisi aliyoiandika na kuiongoza mwenyewe, kuhusu Wakenya wenye ualbino.

Sisi wa Tabora inatugusa zaidi. Miaka ileile, watu wenye ualbino walikuwa wakiwindwa na kuuawa katika mikoa yetu ya magharibi na Kanda ya Ziwa, kwa imani za kishirikina. Lupita aliwaacha wenyewe waeleze maisha yao. Hata jina la filamu ni somo: ualbino umo kwenye jeni. Mtoto huzaliwa nao akiirithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama pia, hata wazazi wote wawili wawe weusi tititi. Hakuna laana hapo, wala mama hana kosa la kujibu. Natamani filamu hiyo itiwe Kiswahili na ionyeshwe kila kibanda, kuanzia Kanyenye hadi Sikonge.

Wajua Lupita alianzia wapi? Alikuwa msaidizi kwenye utengenezaji wa The Constant Gardener, filamu ya 2005 iliyopigwa Kenya. Alipomwambia Ralph Fiennes, mwigizaji mkuu wa filamu hiyo, kwamba anataka kuigiza, mzee huyo wa kazi alimshauri aifanye ikiwa tu hawezi kuishi bila kuigiza.

Na mwaka huohuo wa 2009 aliongoza video ya The Little Things You Do, wimbo wa Wahu, tena akaigiza katika Shuga, tamthilia kuhusu VVU iliyopigwa Nairobi.

Uganda nao wamo. Mariam Ndagire, mwimbaji na mwigizaji, aliongoza Down This Road I Walk mwaka 2007. Mwigizaji Eleanor Nabwiso akafuata na Bed of Thorns, 2019.

Je, wajua kwamba njia hii ya kuigiza na kuongoza ilishapitiwa zamani na Mai Zetterling wa Sweden? Alizaliwa 1925, akawa nyota wa filamu akiwa kijana. Mwaka 1963 filamu yake fupi, The War Game, ilishinda kwenye tamasha la filamu la Venice. Miaka mitatu baadaye aliporudi huko na Nattlek, ilionyeshwa kwa majaji na waandishi wa habari tu, raia wa kawaida wakazuiwa mlangoni. Baada ya Flickorna ya 1968, alikaa hadi 1986 ndipo akapata kuongoza tena filamu ya sinema nchini kwake. Miaka 18! Mwanamume mwenye kipaji kile asingesubirishwa hivyo.

Katikati ya subira hiyo aliitwa Munich, Olimpiki ya 1972, mwanamke pekee kati ya waongozaji wanane wa filamu ya michezo hiyo. Ndiyo michezo ambayo John Akii-Bua wa Uganda alitwaa dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi, kwa sekunde 47.82. Zetterling alichagua kuwapiga filamu wanyanyua vyuma. Alisema michezo yenyewe haimvutii. Kilichomvuta ni watu walioshikwa na jambo moja wasiweze kuliacha.