Ndugu wa Familia ya Shubert na Umiliki wa Kumbi za Maonyesho Marekani

Biashara ya maonyesho ya jukwaani hutegemea kazi mbili tofauti: ya mtayarishaji, yaani anayetafuta mtaji, kuajiri waigizaji na kugharamia mavazi na mandhari, na ya mwenye ukumbi, ambaye hukodisha jengo lake kwa malipo yanayotokana na mauzo ya tiketi. Kampuni ya Shubert, iliyoanzishwa na ndugu watatu na kukulia New York mwanzoni mwa karne ya 20, iliziunganisha kazi hizo mbili, na historia yake inadhihirisha kwamba nguvu ya kudumu katika fani hii imo mikononi mwa mwenye jengo, kwa sababu mchezo hata ukipendwa una mwisho wake, ilhali ukumbi hubaki ukisubiri mchezo mwingine.

Sam, Lee na Jacob Shubert walizaliwa katika familia maskini ya Kiyahudi iliyohama kutoka Lithuania, wakati huo ikiwa chini ya Milki ya Urusi, na kufanya makazi katika mji wa Syracuse, jimboni New York. Baada ya kujifunza biashara hiyo katika kumbi za huko, walihamia jiji la New York mwaka 1900 na kukodi ukumbi wa Herald Square. Walikuta soko limeshahodhiwa na muungano wa wafanyabiashara ulioundwa mwaka 1896, ambao miongoni mwa viongozi wake walikuwa Charles Frohman, Marc Klaw na Abraham Erlanger. Silaha ya muungano huo ilikuwa upangaji wa ratiba: kabla ya enzi ya redio na sinema, mchezo uliofanikiwa New York ulisafirishwa kwa treni kutoka mji mmoja hadi mwingine, na aliyepanga safari hiyo ndiye aliyeamua nani aonyeshe kazi yake, wapi na lini.

Sam alifariki mwaka 1905 kutokana na ajali ya treni jimboni Pennsylvania, lakini Lee na Jacob waliyaendeleza mapambano dhidi ya muungano huo. Mwigizaji maarufu wa Ufaransa, Sarah Bernhardt, aliyekuwa akizuru Marekani chini ya usimamizi wao, alipofungiwa milango ya kumbi za wapinzani mwaka 1906, aliigiza ndani ya hema kubwa huko Texas, na tukio hilo liliwafumbua macho wananchi kuhusu madhara ya ukiritimba. Ndugu hao walizidi kujenga na kukodi kumbi zao wenyewe, ukiwemo Winter Garden uliofunguliwa mwaka 1911, na ukumbi wa Shubert wa mwaka 1913, uliojengwa kwa kumbukumbu ya Sam.

Hata hivyo, ushindi uliwafanya nao wawe wahodhi, kwani katika miaka ya 1920 walitawala kumbi na ratiba katika miji mingi ya Marekani, huku wakitayarisha opereta, yaani michezo ya kuimba yenye visa vyepesi vya mapenzi, kama vile The Student Prince ya mwaka 1924 iliyotungiwa muziki na Sigmund Romberg. Mdororo Mkuu wa uchumi uliifikisha kampuni katika usimamizi wa mahakama mwaka 1931 kwa kushindwa kulipa madeni, na mwaka 1933 Lee aliinunua tena mali yake mnadani kwa dola 400,000, hatua iliyookoa kumbi nyingi za Broadway, eneo la maonyesho ya jukwaani jijini New York, katika kipindi ambacho nyingine ziligeuzwa kuwa za sinema.

Serikali ya Marekani ilifungua kesi dhidi ya kampuni hiyo mwaka 1950, na mwaka 1955 Mahakama ya Juu ilikataa hoja kwamba maonyesho ya jukwaani yasiguswe na sheria ya kuzuia ukiritimba kama ilivyokuwa kwa mchezo wa besiboli. Kwa makubaliano ya mwaka 1956, kampuni iliacha kupangia wengine ratiba na ikalazimika kuuza baadhi ya kumbi zake.

Lee alifariki mwaka 1953 na Jacob mwaka 1963, lakini mwaka 1945 walikuwa wameanzisha wakfu, yaani taasisi inayomiliki mali kwa manufaa ya umma, na hatimaye kampuni ikawa mali ya wakfu huo. Mwaka 1972 uongozi ulichukuliwa na wanasheria wake, Gerald Schoenfeld na Bernard Jacobs, na chini yao michezo ya kuimba ilidumu kwa miaka mingi: A Chorus Line katika ukumbi wa Shubert kuanzia 1975 hadi 1990, na Cats, ambayo kampuni ilishiriki kuitayarisha, katika Winter Garden kuanzia 1982 hadi 2000. Leo kampuni ina kumbi 17 za Broadway, na faida yake husaidia wakfu kutoa ruzuku kwa vikundi vya maigizo na dansi visivyo vya kibiashara kote Marekani. Kwa hiyo mali iliyokusanywa kwa ushindani mkali imekuwa nguzo ya sanaa kwa sababu waanzilishi waliitenga isigawanywe, na huo ni uamuzi unaostahili kuigwa na kila familia yenye ukumbi.