Fataki iliyotumika: Kuijaza upya nyumbani kuna tija?

Na Mwandishi Wetu, Tabora

MTU akiokota ganda la risasi iliyokwisha kupigwa, iwe ni Ipuli mjini Tabora au katika misitu ya miombo inayoizunguka manispaa hiyo, kitakoni mwake ataona kiduara kidogo chenye kibonyeo katikati.

Kiduara hicho ndicho fataki. Ni kikombe chembamba cha madini, kidogo kuliko punje ya mahindi, chenye chembe ya kemikali inayolipuka kwa kugongwa. Sindano ya bunduki ikikigonga, kemikali hulipuka, moto wake hupenya tundu la kitako na kuiwasha baruti, na baruti ndiyo inayokisukuma kichwa cha risasi hadi nje ya mtutu.

Baada ya yote hayo ganda hubaki zima. Fataki nayo hubaki na umbo lake, isipokuwa hicho kibonyeo. Ndiyo maana kila risasi zinapopanda bei au kuadimika, huzuka swali miongoni mwa wawindaji na wamiliki wa bunduki: je, fataki iliyotumika haiwezi kujazwa upya nyumbani na kupigwa mara ya pili?

Inawezekana, na wako waliowahi kufanya hivyo. Faida ndiyo isiyoonekana. Kwa nini iwe hivyo ni habari ndefu kidogo, na sehemu yake kubwa imepita hapa hapa Unyanyembe.

Bunduki za kwanza zilizoletwa kwa wingi na misafara kutoka pwani zilikuwa za gumegume. Mwenye nayo alihitaji baruti, gololi na kipande cha jiwe la kutoa cheche. Jiwe likichakaa, alitafuta jingine. Udhaifu wake ulikuwa mvua na ule mwako wa nje uliotangulia mlio, ambao ulimshtua mnyama kabla gololi haijamfikia.

Mwako huo ndio uliomkera Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Scotland aliyependa kuwinda ndege. Mwaka 1807 alipata hataza ya njia ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka inapogongwa. Kutokana na wazo hilo, katika miaka ya 1820 fataki ya kikombe ilienea Ulaya na Marekani, na baadaye ikapachikwa moja kwa moja kwenye kitako cha ganda, ilivyo hadi leo.

Mabadiliko hayo yalikuwa na gharama ambayo haikuonekana mara moja. Mtu wa gumegume aliweza kujitegemea kwa kiasi fulani. Mtu wa fataki alifungwa kwa kiwanda cha mbali.

Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia barani kila mwaka kupitia pwani hii. Miaka miwili baadaye mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels wa 1890, uliozuia kuingizwa kwa bunduki na risasi za kisasa katika eneo kubwa la Afrika. Mkataba huo haukuzuia kabisa gumegume za mtutu laini na baruti ya kawaida. Waliouandika walijua vyema silaha ipi ilikuwa na nguvu na ipi ilikuwa imepitwa na wakati.

Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa na akiba kubwa ya baruti. Januari 1893, ngome yake ilipovamiwa na kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Tom von Prince, aliiwasha baruti hiyo ili asikamatwe akiwa hai.

Mfano ulio karibu zaidi na swali lenyewe ulitokea miaka 22 baadaye. Aprili 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Kijerumani iitwayo Rubens ilipenya mzingiro wa Waingereza ikiwa imebeba silaha na risasi za jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck. Ilishambuliwa na manowari ya Kiingereza katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikazama kwenye maji ya kina kifupi. Wapiga mbizi waliopoa shehena, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi.

Lettow-Vorbeck alisimulia baadaye kuwa zilipojaribiwa, takribani 60 katika kila 100 ziligoma kulia. Ikabidi zifunguliwe moja moja, baruti ianikwe, na baadhi ya fataki zibadilishwe kwa nyingine zilizokuwa zimehifadhiwa ndani ya koloni. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu na mikono mingi, na mwishowe zilizogoma zikapungua hadi takribani 20 katika kila 100.

Hapo kuna jambo la kuangaliwa. Hilo lilikuwa jeshi lenye mafundi na karakana, na halikuwa na njia nyingine ya kupata risasi. Hata hivyo, tiba ya fataki mbovu ilikuwa ni kuweka nyingine ya kiwandani, na bado risasi moja katika kila tano haikulia. Fundi aliye peke yake uani kwake, mwenye koleo na taa ya chemli, ana sababu gani ya kutarajia mema zaidi?

Koloni hilo hilo lilionyesha pia thamani ya risasi iliyotumika iko wapi hasa. Mwaka 1916, serikali ya Kijerumani ikiwa imehamia Tabora na sarafu zikiwa zimeadimika, karakana ya reli ya Lulanguru, magharibi ya mji, iligeuzwa kiwanda cha kupiga fedha. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo ndiyo inayotajwa zaidi. Zilipigwa 16,198 tu, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Sarafu ndogo za heller zilipigwa kwa chakavu ya shaba, yakiwamo maganda ya risasi zilizokwisha kutumika.

Ganda, kwa maneno mengine, ni mali. Hata leo mnunuzi wa chakavu huliangalia kwa jicho hilo. Fataki ni kipande kidogo tu kilichong'ang'ania kitako chake.

Huko Marekani, ambako sheria inamruhusu raia kujitengenezea risasi kwa matumizi yake, ujazaji wa maganda ni shughuli ya watu wengi. Ganda la shaba lililotunzwa vizuri hujazwa mara kadhaa. Lakini mjazaji wa kawaida huing'oa fataki iliyotumika, huitupa na kuweka mpya. Kabla ya mwaka 2020, boksi la fataki 1,000 lilikuwa likiuzwa kwa takribani dola 30 hadi 40, yaani senti tatu au nne kwa moja.

Katika uhaba wa miaka ya 2020 na 2021 bei ilipita dola 100 kwa boksi, na ndipo baadhi ya watu walipoanza kuzijaza upya zile za zamani. Tufanye hesabu. Tuseme mtu mwepesi wa mikono anamaliza fataki 30 kwa saa. Kwa bei ya senti nne atakuwa ameokoa dola moja na senti 20. Kwa bei ya uhaba ya senti 12 ataokoa dola tatu na senti 60, wakati kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya nchi hiyo kimekuwa dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009. Hesabu hiyo haijaingiza vifaa, fataki zitakazoharibika, wala gharama za hospitali.

Suala la hospitali si mzaha. Baruti ya kawaida ikiwashwa mahali pa wazi huungua kwa kasi. Kemikali ya fataki haiungui, bali hulipuka, na huhitaji sababu ndogo sana: kugongwa, kusuguliwa, joto, au hata ile cheche isiyoonekana inayotoka kwenye nguo kavu. Kiwandani huandaliwa ikiwa na unyevu, kwa viwango vidogo, na mfanyakazi akiwa nyuma ya kinga. Nyumbani kinga ni uso na vidole vya mhusika, na mara nyingi watoto wako chumba cha pili.

Aidha, fataki nyingi za kisasa zina madini ya risasi, yaleyale yaliyoipa risasi jina lake kwa Kiswahili. Vumbi lake ni sumu, na humdhuru zaidi mtoto, ambaye ubongo wake bado unakua. Kemikali za zamani nazo zilikuwa na kasoro yake: ziliacha chumvi iliyoozesha mtutu kwa kutu usiposafishwa upesi.

Kisha kuna hatari ya porini. Fataki iliyojazwa kwa kubahatisha inaweza kugoma, jambo linaloudhi. Inaweza pia kuchelewa. Mpigaji anavuta kifyatulio, hasikii kitu, anaishusha bunduki ili aikague, nayo inalia ikiwa imeelekea mguu wake au mwenzake. Mwindaji aliyesimama mbele ya nyati hapati nafasi ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Mkoani Tabora jambo hili linagusa zaidi magobole, bunduki za kienyeji zinazoshindiliwa kwa mdomoni na ambazo nyingi huwashwa kwa fataki. Anayekosa fataki ya dukani hushawishika kubuni ya kwake kwa vitu vya kawaida, ambavyo haifai kuvitaja hapa. Gobole lenyewe mara nyingi ni bomba lisilotengenezwa kuhimili mlipuko, hivyo mtumiaji huwa amejiwekea hatari mbili katika chombo kimoja.

Sheria ya Tanzania haijaacha mwanya. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inakataza kutengeneza silaha au risasi bila leseni. Leseni ya kumiliki bunduki si leseni ya kutengeneza risasi zake. Vitu vinavyolipuka vina sheria yake nyingine tangu mwaka 1963. Kwa upande wa kikanda, Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania ni miongoni mwa waliotia saini, inazitaka nchi wanachama kuhesabu utengenezaji wa silaha na risasi bila kibali kuwa ni kosa la jinai.

Utengenezaji halali una mahali pake. Nchini upo Shirika la Mzinga, Morogoro, kama Kenya ilivyo na kiwanda chake Eldoret. Kwa mwenye bunduki iliyosajiliwa, njia iliyobaki ni kununua risasi kwa muuzaji mwenye kibali, hata kama bei inauma.

Kwa asiye na usajili, serikali imewahi kufungua mlango. Septemba na Oktoba 2022, kwa mfano, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi ilitoa msamaha wa miezi miwili kwa watakaosalimisha silaha wanazozimiliki kinyume cha sheria, magobole yakiwamo.

Limebaki suala la risasi zinazookotwa. Septemba 1916 Wabelgiji walipigana na Wajerumani Lulanguru na Itaga kabla ya kuingia Tabora tarehe 19 ya mwezi huo, na ardhi iliyopiganiwa huweza kutoa risasi jembe linapopita. Ganda tupu halina madhara. Lenye kichwa chake, au lile ambalo fataki yake haina kibonyeo, lihesabiwe kuwa ni zima hata kama limeota kutu kwa zaidi ya miaka 100. Lisigongwe, lisitiwe motoni ili kupata shaba, wala lisipelekwe kwa mnunuzi wa chakavu. Liachwe lilipo, watoto waondolewe, na kituo cha polisi kilicho karibu kiarifiwe.