DAMU NA UHAI (4): Mfuga vipepeo na mkono wa Harrison

Wiki jana tuliishia kwa mama mwenye damu ya Rh hasi, yaani isiyo na alama ya Rh kwenye chembe nyekundu, aliyejifungua mtoto wa Rh chanya, aliye nayo. Mtoto wa kwanza aghalabu husalimika. Anayeumia ni mdogo wake mwenye Rh chanya. Kingamwili ambazo mwili wa mama ulijenga dhidi ya damu ya mtoto wa kwanza hupenya kondo la nyuma na kuvunja chembe nyekundu za mdogo huyo. Huzaliwa amepauka kwa kupungukiwa damu, au hugeuka manjano upesi, na manjano yakizidi huharibu ubongo.

Kifo cha mchangia damu James Harrison wa Australia, Februari 17, 2025, kimenirudisha kwenye kisa nikipendacho kuliko vyote vya utabibu. Kinaanzia Liverpool, Uingereza, kwa Dk. Cyril Clarke, mfuga vipepeo. Yeye na Philip Sheppard walichunguza urithi wa Papilio dardanus, kipepeo wa kwetu Afrika ambaye majike yake mengi huiga rangi za vipepeo wasiolika, ndege wakawaepuka. Kutoka urithi wa mabawa, Clarke akahamia urithi wa damu. Usiku mmoja mkewe, Féo, alimwamsha: wapeni akina mama kingamwili hizohizo! Bwana akanung'unika kwamba hizo ndizo wanazozuia, akalala. Kulipokucha akaona mkewe ana hoja: zikidungwa mapema, husafisha damu ya mtoto iliyovujia kwa mama kabla mwili wake haujajifunza kuipiga vita. New York nako Freda, Gorman na Pollack walifikia jambo hilohilo kwa njia yao, na mwaka 1968 Marekani ikaidhinisha dawa. Wanaouliza utafiti wa wadudu unatusaidia nini, jibu ndilo hilo.

Dawa yenyewe hutoka kwenye utegili, maji ya damu, wa watu wenye kingamwili hizo, na Harrison alikuwa mmoja wao. Harrison alipasuliwa kifua akiwa na miaka 14, akaokolewa kwa damu za wasiomjua. Alipofika 18 akaanza kulipa deni: mara 1,173, hadi miaka 81, huku akigeuza uso asiione sindano. Taasisi ya damu ya nchi yake hukadiria kuwa alichangia kuokoa watoto milioni 2.4. Sisi tunasubiri ndugu alazwe ndipo tukumbuke kuchangia. Ni aibu.

Nafasi inakwisha. Sindano hiyo hutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto wa Rh chanya, na mara nyingi huhitajika pia mimba inapoharibika. Kingamwili zikishajengeka, haisaidii tena. Dada yangu mjamzito, fungua kadi yako ya kliniki leo. Kama sehemu ya Rh iko wazi, muulize muuguzi kabla hujaondoka.